Mapacha wa Maame Aba

Mankessim
11 Januari 1988

Mjomba Benyin,

Shikamoo. Natumaini mguu umetulia kidogo na vumbi la upepo wa harmatani halijawamaliza huko Tamale. Sisi hapa wazima, ila midomo imepasuka wote.

Nakuandikia kuhusu jiwe la Mama. Mwaka wake tangu afariki unatimia Pasaka, na ukoo umeamua kaburi lizinduliwe Jumamosi, tarehe mbili Aprili. Jiwe ninalo, la kijivu, nimelichagua mwenyewe. Kinachonikwamisha ni maneno. Mama aliniachia mistari minne ya Kiingereza aliyoitunga kwa kichwa chake, akaniapisha pale kitandani: "Hiyo hiyo, Ebo. Usiongeze, usipunguze." Nikaapa. Sasa mkuu wa ukoo, Egya Amuah, ameikodolea macho ile karatasi kwa muda mrefu, tena ameishika juu chini, kisha akatamka: "Kiingereza ni cha Benyin. Bila sahihi ya Benyin, jiwe halitoki karakanani kwako."

Basi ndiyo nakuletea. Mstari wa kwanza unasema alibeba kazi yake kichwani, na neno la mwisho ni "work". Wa pili unasema kazi haikumvunja shingo, unaishia na "neck". Wa tatu, tangu asubuhi ya "birth". Wa nne, mpaka jioni ya "death". Kuzaliwa na kufa, hata mimi niliyeishia darasa la sita ninaelewa.

Tia sahihi hapo chini, urudishe haraka. Kukata herufi kwenye jiwe si kuandika kwa chaki.

Mpwa wako,
Ebo Otoo


Tamale
20 Januari 1988

Ebo,

Marahaba. Mguu ni ule ule.

Sitatia sahihi. Nimefundisha Kiingereza miaka thelathini na mmoja, na siwezi kuweka jina langu chini ya makosa yatakayodumu kuliko sisi sote. Mistari hiyo inataka kuwa na vina, lakini haina. "Work" na "neck" hayana uhusiano wowote. "Birth" na "death" yanafanana herufi mbili za mwisho, basi. Sauti ni mbali kabisa. Kama huniamini, washa redio umsikilize msomaji wa habari wa London. Pasaka watakuja watu waliosoma, wengine nimewafundisha mimi. Unataka waseme huyu ndiye dada yake Mwalimu Arkaah?

Nimekurahisishia. Maneno yanayolingana na "work" ni haya: "shirk", maana yake kukwepa kazi, "lurk", kuvizia, "jerk", kuvuta kwa ghafla. Yanayolingana na "birth": "earth", ardhi, "mirth", furaha ya vicheko, "girth", unene wa kiuno, "dearth", uhaba. "Death" lina shida, maana Kiingereza hakikulipatia ndugu wa maana ila "breath", yaani pumzi.

Tunga upya kwa maneno hayo, uniletee nikusahihishie.

Mjomba wako,
J. Benyin Arkaah


Mankessim
29 Januari 1988

Mjomba,

Shikamoo. Orodha nimepata. Nimekaa nayo siku tatu, kazi zimesimama, mke wangu ananiuliza kama naumwa.

Hebu nisaidie. Nitie kukwepa kazi kwenye kaburi la Mama? Mama huyu huyu? Nitie kuvizia? Alikuwa mnene, sikatai, lakini kweli Mjomba niandike unene wa kiuno chake watu wausome na mashada ya maua mkononi? Nikaona bora nijitafutie mwenyewe. Nikapata mawili mazuri sana: "tomb", yaani kaburi, na "bomb". Hayo yanafanana kila herufi isipokuwa moja. Mimi kazi yangu herufi, huwezi kunidanganya hapo. Halafu nikaongeza na "comb", yakawa matatu.

Naomba jibu kabla ya Februari kuingia kati. Hiyo sahihi ni mstari mmoja wa wino tu, Mjomba.

Ebo


Tamale
8 Februari 1988

Ebo,

Yesu wangu! Unataka kumlaza dada yangu na bomu? Na kitana? Maana hicho ndicho ulichoniandikia: kaburi, bomu, kitana.

Sikiliza, na usome taratibu. "Tomb" hutamkwa tuum. "Comb" hutamkwa koum. "Bomb" hutamkwa bom. Hayafanani hata kidogo! Kina ni cha sikio, si cha jicho. Nimewaambia hivyo watoto wa watu tangu wewe hujaota meno, na sasa naandamwa na mpwa wangu mwenyewe. Ukitaka ndugu wa kweli wa "tomb" ni "womb", tumbo la uzazi, na hilo sitaki kuliona kaburini kwa dada yangu.

Nimechoka, kwa hiyo nimetunga mwenyewe. Nimeambatanisha mistari minne safi. Miwili ya kwanza inaishia na "birth" na "earth": alipewa uhai siku ya kuzaliwa, sasa amerudi ardhini. Miwili ya mwisho ni "breath" na "death": alimsifu Mungu kwa kila pumzi, hata mlango wa kifo. Sahihi yangu iko chini yake. Kata hiyo, tumalize.

Mjomba wako


Mankessim
15 Februari 1988

Mjomba,

Shikamoo.

Hiyo mistari yako naijua. Iko makaburini hapa mara tatu, na mara zote tatu nimeikata mimi. Marehemu wa kwanza alikuwa hakimu, wa pili dereva wa malori, wa tatu sikumbuki. Ukimwekea na Mama itakuwa ni nani huyo aliyelala pale? Mtu yeyote.

Sasa nikuulize wewe wa masikio. Nilitoka na nakala ya karatasi ya Mama mpaka sokoni, kwa Maame Esuon muuza samaki, nikamsomea maneno mawili ya mwisho. Nikamuuliza: "Beth na deth, haya ni mapacha au si mapacha?"

Akasema, "Ebo, umeamkia kwenye pombe?"

"Nijibu tu."

"Beth, deth. Si umesema mwenyewe? Wamenyonya titi moja hao."

Nikampa na mengine: wek, nek. Akacheka mpaka akaangusha kisu, maana alikumbuka. Mapacha ndilo jina alilokuwa akiyaita Mama. Siku zote alizokaa nje ya lango la shule na beseni lake la dokono, ule ugali mchachu wa mahindi uliofungwa majani, mtoto akimletea maneno mawili ya Kiingereza yanayofanana mlio, na akaweza kumwambia maana ya yote mawili, alipewa mkia wa samaki wa bure juu ya dokono lake. Bila maana hakuna samaki. Alikuwa anasema neno lisilo na maana ni ganda la dokono, majani matupu. Ndivyo alivyojifunza Kiingereza chote alichokuwa nacho. Watoto wengine walimwibia, hilo nalo lazima niseme. Mmoja alimwambia "bold" maana yake mwenye kipara, kumbe ni jasiri, akala samaki wake akaenda zake. Mwaka ule siku ya mavuno Mama akasimama kanisani akamshukuru Mchungaji wetu mwenye kipara kwa neno hilo, mbele ya watu wote. Mchungaji alifurahi kama amepewa ng'ombe.

Kwa hiyo hapa kwetu tunasema wek na nek, beth na deth. Soko zima, kanisa zima. Msomaji wa habari wa London hajawahi kununua dokono la Mama.

Na jambo la pili, nikwambie ukweli, maana nimechoka kukuzunguka. Jiwe nimeshalikata. Mistari yote minne ya Mama, tangu Desemba. Nilidhani sahihi itakuwa ni heshima tu. Jiwe si ubao wako, Mjomba, halifutiki.

Ebo


Tamale
23 Februari 1988

Ebo,

Kumbe umenifanya mtoto mdogo. Wiki sita unaniuliza maneno na jiwe umeshalimaliza!

Soko ndilo limekuwa chuo kikuu siku hizi? Maame Esuon ndiye mtahini? Kosa likitamkwa na watu elfu moja ni makosa elfu moja. Lipindue hilo jiwe ukate upande wa pili, au utafute jiwe jingine, sijali. Egya Amuah nimeshamwandikia.

Tena nisisumbuliwe kuhusu Pasaka. Mguu hauwezi safari ya siku mbili ndani ya basi. Mtazindua wenyewe.

J. B. Arkaah


Mankessim
2 Machi 1988

Mjomba,

Egya Amuah ameipata barua yako. Amenipigia kufuli karakana, ufunguo ameuweka mfukoni, analala nao. Jiwe la mama yangu liko ndani na mimi niko nje, nakaa kwenye gogo kama mgeni. Zimebaki wiki nne. Umefurahi?

Nilikuwa nimeamua kutokuonyesha hiki ninachokuandikia sasa. Mama alikuwa na daftari la mapacha. Aliandika mwenyewe kwa penseli, baada ya kujifunza kusoma kwenye darasa la watu wazima: pacha mmoja kushoto, mwenzake kulia, na maana zake kwa Kifante chetu chini. Kando ya kila jozi kuna jina la mtoto aliyeileta. Nimehesabu majina ya watoto wa lango lile mpaka nikaacha. Wengine sasa ni manesi, mmoja ni rubani.

Jina lako nimelitafuta, Mjomba. Halimo. Babu alisema shule ni ya mmoja, ukaenda wewe, na Mama akawekewa beseni kichwani ana miaka kumi na moja ili uendelee kwenda. Watoto wa watu wasiomjua walimletea. Mwalimu wa Kiingereza, mtoto wa mama yake, hakumletea jozi hata moja.

Ila umetajwa mahali pamoja. Ni ukurasa wenye "birth" na "death". Hizo hakuletewa na mtoto yeyote, alizipata mwenyewe, na pembeni ameandika "Mimi". Chini yake kuna maneno haya ya Kifante, nakunakilia yalivyo:

"Leo Benyin amekuja na walimu wenzake wawili. Nimewapa dokono na samaki mzima mzima. Nimewasomea mapacha wangu. Benyin amesema, Dada, usituaibishe, hayo hayafanani. Wenzake wamecheka. Yeye pia. Nimeyasema tena jikoni peke yangu. Yanafanana."

Tarehe ni ya mwaka 1966. Nilikuwa mdogo, lakini sasa naelewa kwa nini sikumsikia akisema nawe Kiingereza hata siku moja. Na wewe ukija alikuwa akilificha daftari chini ya mfuko wa unga.

Mruhusu mzee anipe ufunguo, au usimruhusu, ni juu yako. Mimi nimeapa.

Ebo


Tamale
24 Machi 1988

Ebo,

Barua yako ilifika wiki mbili zilizopita.

Ndani ya bahasha utakuta karatasi ya kwanza kabisa uliyoniletea, mistari minne ya dada yangu, na sahihi yangu chini. Sikubadilisha kitu. Mwonyeshe Egya Amuah, tena ageuze karatasi upande ulio sawa.

Kuhusu siku ile ya 1966. Ninaikumbuka. Nilidhani yeye ameisahau, maana alitufungia dokono sita za njiani, akanifungia na pilipili kwenye kikopo. Nilikula ndani ya basi mpaka Kumasi. Ndiyo hivyo.

Kweli siwezi kuja. Mara ya kwanza nilipokuambia mguu, haukuwa mguu. Sasa ni mguu, daktari amenikataza kushuka hata ngazi. Nimepakia na kaseti. Nimesoma mistari ya Dada Aba, uwawekee watu baada ya kuondoa kitambaa kwenye jiwe. Usiisikilize kabla. Usikate mwanzo wala katikati, hata ukiona kuna kasoro. Iache ilivyo.

Benyin


Mankessim
4 Aprili 1988

Mjomba wangu,

Shikamoo sana. Leo ni Jumatatu ya Pasaka, shingo inaniuma kwa kubeba viti, lakini siwezi kulala kabla sijakuandikia.

Ufunguo nilipewa siku ile ile karatasi ilipofika. Jiwe tulilibeba watu wanane. Watu walikuja mpaka ukuta wa makaburi ukajaa: wanawake wa soko wote na nguo zao nyeupe na nyeusi, kwaya, na wale waliosoma uliokuwa ukiwaogopa, wamevaa miwani, wamesimama mbele. Mchungaji akaomba, Egya Amuah akavuta kitambaa, nami nikabonyeza kaseti yako mbele ya kipaza sauti cha kanisa.

Mjomba, ulisoma vizuri. Ulisoma kama yule bwana wa London. Ile "work" ukaiviringisha mdomoni, ile "birth" ukaivutia puani. Wenye miwani wakatikisa vichwa kukubali. Wanawake wa soko wakatazamana. Ulipofika mwisho, kwenye "death", hakuna hata mmoja aliyeitikia. Nikasema moyoni, basi, ameniweza, ametia sahihi kisha amemsahihisha Mama mbele ya kaburi lake. Nilikuwa na hasira, sitakuficha. Nilinyoosha mkono nizime.

Hapo Maame Esuon akapiga kelele kutoka nyuma: "Huyo mwalimu hajui kusoma! Arudie!"

Watu wakacheka kidogo kwa aibu. Na kaseti bado inazunguka, inakwaruza. Tukasikia ukikohoa. Halafu ukasema kwa Kifante, kwa sauti ambayo sijawahi kukusikia nayo: "La. Nimesoma vibaya. Dada, ngoja nirudie."

Maame Esuon akashika mdomo. Alidhani umemsikia.

Ukarudia. Kazi kichwani, wek! Loo, wanawake wakapokea: wek! Haikumvunja shingo, nek! Nek! Walipofika beth hawakukungoja tena, walitangulia wenyewe, na ile deth ya mwisho ilisikika mpaka barabarani, dereva mmoja akasimamisha lori kuuliza kuna nini. Tumeirudisha kaseti mara nne. Hata mmoja wa wenye miwani nilimwona midomo inacheza. Ni yule rubani. Baadaye alinijia akaniuliza kama kweli jina lake liko kwenye daftari, nikamwonyesha, "cloud" na "proud", wingu na mwenye fahari. Alilia pale pale na suti yake.

Nilitaka kukuomba radhi kwa barua ya Machi. Nimejaribu mara mbili kuandika hapo na sioni la kufuta. Lakini nakuomba radhi.

Mpwa wako,
Ebo


Tamale
15 Aprili 1988

Ebo,

Marahaba, mwanangu. Hakuna la kufuta.

Mwambie Maame Esuon kwamba alisema kweli. Nilirekodi mara saba, na mara zote saba nilianza vile vile, kwa mdomo wa redio. Mdomo umezoea. Ile ya saba nikaiacha.

Kuna kazi moja nakuomba. Chukua daftari, tafuta ukurasa wa mwisho aliouandika, na chini yake uandike jozi hii kwa mkono wako mzuri. Kushoto andika "heard". Kulia andika "dead". Kwa yule bwana wa London hayafanani hata kidogo, nimehakikisha. Kwetu ni hed na ded. Maana zake nazijua zote mbili, asije Dada akasema nimemletea majani matupu: la kwanza ni aliyesikiwa, la pili ni aliyekufa.

Kando yake andika jina langu kama yalivyoandikwa ya watoto wengine. Benyin tu, usiweke Mwalimu. Mguu ukipona nitakuja kudai mkia wangu wa samaki.

Mjomba wako,
Benyin